Niandike Nimefeli

Watu wenye miguu mizima wana kasoro moja: hudhani asiyetembea hana haraka. Mjomba alikuwa na kasoro hiyo, ingawa hakuwa mtu mbaya. Kila asubuhi alimbeba mpwa wake akamweka kwenye kiti cha mbele cha gari lake, akakunja kiti cha magurudumu na kukitia kwenye buti, akampeleka mpaka kibandani kwake, upande wa pili wa mji, alikokuwa akitengeneza simu. Akishamshusha alisema maneno yale yale: "Jioni nikikumbuka nitakupitia." Kisha alirudi gereji, akaingia chini ya injini ya mtu, na mara nyingi hakukumbuka. Mpwa wake angefunga kibanda na kukaa nje, mkoba wa bisibisi mapajani, huku majirani wakimuaga mmoja mmoja. "Bado tu hujafuatwa?" waliuliza. Kinachofuatwa ni mzigo. Neno hilo lilimchoma kila jioni, na hakulizoea.

Wote walimwita Kasi. Ni jina alilojipa mwenyewe kwenye mchezo wa mashindano ya magari, likamganda mpaka mama yake akaanza kulitumia kwa kejeli: "Kasi, chai inapoa." Chumbani kwake alikuwa na kioo kipana cha kompyuta alichokifufua baada ya mwenye nacho kukitupa, na usukani mkuukuu wenye vidude viwili nyuma yake, kimoja cha mafuta na kimoja cha breki, vyote vya vidole. Miguu haikuulizwa kitu. Ile homa ya utotoni iliyoilaza haikuwa na habari na mambo ya kwenye kioo, na huko hapakuwa na wa kumwonea huruma, maana waliomjua walikuwa wanatazama taa zake za nyuma tu. Aliyemkaribia alikuwa kijana mmoja wa mji wa mbali, aliyejiita Kobe, ambaye hakuwahi kumwona ila sauti yake aliisikia kila siku kwenye vipokea sauti, akilalamika.

"Leo tena umenipita kwenye kona ile ile!" Kobe angesema.

"Kona haijahama, wewe ndiye hujifunzi," Kasi angemjibu.

Siku moja Mjomba alisimama mlangoni akamtazama akiteremka mlima kwenye kioo, gari likipita kandokando ya ukuta bila kuugusa. Alitikisa kichwa kwa namna ya kusifu, halafu akaharibu.

"Lakini huo ni mchezo, binti. Gari la kweli lina uzito."

"Basi nipe lenye uzito," Kasi akasema, bila kugeuka.

Mama yake alikuwa akikunja nguo kitandani. "Na gari la kweli halina kitufe cha kuanza upya," aliongeza. "Ukimgonga mtu, umemgonga."

"Ndiyo maana nataka kufundishwa, Mama. Hao wanaoendesha huko nje nao walizaliwa hawajui."

Mjomba alikuna kidevu wiki nzima, kisha akaleta gari dogo bovu lisilo na klachi, lililokuwa limelala nyuma ya gereji yake mpaka kuku wakalifanya nyumba. Alilitengeneza, akalifunga fimbo ya chuma kando ya usukani: ukiisukuma mbele inabana breki, ukiivuta kwako inakanyaga mafuta. Kazi ilikuwa safi. Mjomba alikuwa msahaulifu, lakini mikono yake haikuwahi kusahau kitu.

Walianzia kwenye uwanja mtupu. Hapo Kasi alionja tofauti, na kwa kuwa hakuwa mwongo, aliikubali. Kwenye kioo, ukiomba gari likupe, linakupa papo hapo. Hili lilifikiri kwanza. Usukani ulikuwa na ulegevu, ukiuzungusha kidogo hausikii. Kiti kilimsukuma mgongoni, injini ilimtetemesha mpaka meno, na mwendo ambao kwenye mchezo angeuona wa kulalia, hapa ulimfanya apunguze mafuta. Kulikuwa na harufu ya mafuta na ya mpira. Kulikuwa na vumbi machoni. Alifunga breki kwa nguvu mno, Mjomba akabusu kioo cha mbele.

"Pole pole, we mtoto! Nina meno haya tu!"

"Funga mkanda, Mjomba. Humu hamna kitufe."

Lakini yapo ambayo mchezo ulikuwa umempa, na hayo hakukubali mtu ayadharau. Macho yake yalitazama mbali, si pua ya gari. Mikono yake haikupapatika. Gari lilipoteleza kwenye tope hakupiga kelele wala hakubana breki. Aliuelekeza usukani alikotaka kwenda, akasubiri magurudumu yashike, yakashika. "Hilo sikukufundisha mimi," Mjomba akasema. Kasi alijisikia raha mpaka masikioni.

Siku ya mtihani wa leseni walikwenda watatu: Kasi, Mjomba, na mama yake aliyekaa nyuma kwa ajili ya kuomba dua. Watahiniwa walipanga foleni chini ya paa la mabati, wakaitwa mmoja mmoja kwa namba. Mtahini alikuwa mtu mzima mwenye kofia na sauti ya kukaripia, na kila alipommaliza mmoja alifoka bila kugeuka, "Anayefuata!" Aliyemtangulia Kasi, kijana wa miraba minne, alirudi amenuna, akamwambia mwenzake: "Nimefelishwa kwa kutogeuza kichwa kulia njia panda. Shingo tu! Kitu kidogo hivyo!" Akaenda zake akilaani.

Ilipofika zamu ya Kasi, Mtahini hakufoka. Aliinama dirishani, akamwuliza Mjomba, "Huyu mgonjwa wako anaweza kweli?"

"Mwenyewe yupo hapa, mzee, na masikio anayo," Kasi akasema.

Mjomba alimpisha Mtahini kiti, akabaki uwanjani. Kwenye mapipa ya kupimia maegesho Kasi alirudi nyuma kwa kutumia vioo vya pembeni, gari likaingia katikati kama droo inavyoingia mezani. Mtahini alipiga makofi. Alipiga makofi yale anayopigiwa mtoto aliyemaliza kunywa dawa. Kasi aliuma meno, akatoka kwenda barabarani.

Njia panda ndipo ilipotokea. Alipunguza mwendo, akawasha taa, akatazama kioo cha katikati na cha kulia, akaona peupe, akavuta fimbo. Kichwa hakukigeuza. Miaka yote ile kwenye mchezo, dunia nzima ilikuwa mbele yake. Kilichokuwa pembeni kilichorwa kwenye kioo, na kisichochorwa hakikuwepo. Shingo yake haikuwahi kuwa na kazi. Pale kulia, mahali ambapo hakuna kioo kinachofika, alikuwapo mtu anasukuma mkokoteni wa magodoro.

Mama alipiga yowe. Mtahini alivuta breki ya mkono, gari likasimama, godoro moja likaanguka juu ya boneti taratibu kama linalokwenda kulala. Mwenye mkokoteni alimtazama Kasi. Hakutukana. Alimtazama tu, akiwa amefungua mdomo, na Kasi akayaona macho yake, na mishipa ya shingo yake, na kifungo cha shati kilichokatika. Kwenye mchezo hakuna mtu anayekutazama hivyo.

"Samahani, kaka," akasema. "Kosa ni langu."

Walirudi uwanjani. Mtahini alitoa kalamu, akamwangalia Mjomba, akamwangalia mama anayefuta macho, akashusha pumzi.

"Nitampitisha," akasema.

Mama akaanza kushukuru. Kasi akamkatiza. "Unanipitisha kwa lipi, mzee?"

"Umejitahidi, binti. Kwa hali yako umejitahidi sana."

"Yule kijana wa mbele yangu umemfelisha kwa nini?"

"Hakugeuka kulia."

"Na mimi?"

Mtahini aliizungusha kalamu vidoleni. "Wewe ni tofauti," alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliokuwa tusi. "Kwani utaendesha wapi? Utaiweka ukutani, wageni waione, moyo utulie. Nakusaidia, binti."

Kasi alihisi hasira inampanda kutoka mahali pa mbali, kutoka kwenye jioni zote zile za mkoba mapajani. Leseni ilikuwa imekaribia kufika mkononi mwake. Angeipokea, kesho yake angefunga kibanda wakati anaotaka na kwenda nyumbani kwa njia anayotaka. Lakini huyu mzee hakuwa anampa barabara, alikuwa anampa picha ya kutundika. Halafu kulikuwa na yule mtu wa magodoro.

"Niandike nimefeli," alisema.

"Binti—"

"Yule umemfelisha kwa sababu unajua ataendesha. Na mimi nitaendesha. Niandike kama ulivyomwandika yeye, usipunguze, usiongeze. Nitarudi."

"Mwanangu, umepewa bure!" mama alilia.

"Cha bure hicho, Mama, angekilipia mwenye mkokoteni."

Mtahini aliandika. Alibonyeza kalamu kwa nguvu, kama mtu aliyeudhiwa, na Kasi akafurahi kumwona ameudhika. Ndiyo ilikuwa heshima yake ya kwanza siku ile.

Nyumbani kulikuwa na msiba usio na maiti. Majirani walikuja kusema kwamba ameonewa kwa ajili ya miguu, kwamba twende tukalalamike, kwamba walemavu wanaonewa. Kasi aliwafukuza. "Sikufelishwa na miguu!" aliwaambia. "Miguu haina kosa lolote. Nimefeli kwa shingo, na shingo ninayo nzima kama zenu. Niacheni nifeli kama watu wengine." Walitoka wakinong'ona kwamba mchezo umemharibu akili.

Kwa kosa la mchezo alitafuta dawa kwenye mchezo. Alimkalisha mama yake kwenye kiti upande wa kulia, siku nyingine kushoto, nyuma kidogo ya bega, penye kiza cha vioo. Kazi ya mama ilikuwa kuinua vidole wakati wowote anaotaka, na Kasi, akiwa katikati ya mashindano, ageuke na kuvitaja. Mwanzoni mama alikubali kwa kununa. Baada ya siku chache alinogewa, akaanza hila: akainua kijiko, akainua mfuniko, akainua kandambili.

"Tatu! Mbili! Mama, hiyo ni kandambili!"

"Nani kandambili?" Kobe aliuliza masikioni mwake, akimpita. "Umepatwa na nini siku hizi? Nakushinda mpaka naona aibu."

"Nafanya mazoezi ya mtihani wa leseni."

Kobe alicheka mpaka akagonga ukuta. "Kumbe wewe huna leseni! Mimi ninayo, mwenzio. Gari ndilo sina."

Kila alipogeuka alipoteza kona, na kila kona ilimshusha. Jina lake liliteremka kutoka juu ya orodha ya washindi mpaka likawa katikati ya wasiojulikana, na lilimuuma kweli, maana kiti kile cha juu alikipata kwa jasho na hakuna aliyempa. Aliuma ulimi, akaendelea kugeuka. Mtaka cha mvunguni huinama. Ilifika wakati shingo ikawa inageuka yenyewe, hata akiwa mezani anamega mkate.

Aliporudi kwenye mtihani, Mtahini alikuwa yule yule, na alimkumbuka. Safari hii hakumwinamia Mjomba. Alipanda, akafunga mkanda, akamkaripia mama aliye nyuma anyamaze, akamwambia Kasi, "Toa gari." Akampeleka kunakochukiza: kwenye mtelemko wenye mashimo, kwenye barabara ya soko ambako kila mtu hujiona ana haki ya kupita, kwenye mlima ambapo alimsimamisha katikati na kumwamuru aondoke bila kurudi nyuma hata kidogo. Kasi aligeuka kulia, akageuka kushoto, akageuka nyuma ya bega. Penye ile njia panda aligeuka, akamwona mwanamke na ndoo kichwani mahali ambapo kioo hakikumwona, akasimama, akampa njia. Mwanamke alipita bila kumtazama, kama anavyopita mbele ya dereva yeyote.

Uwanjani Mtahini aliandika kwa muda mrefu.

"Mlimani umechelewa kuachia breki ya mkono," alisema kwa ukali. "Utaunguza gari la watu. Jirekebishe."

"Sawa, mzee."

Alichana karatasi, akamkabidhi. Amepita. Hakumpa pole wala hongera, hakupiga makofi. Alishuka, akavuta kofia yake, akafoka bila kugeuka:

"Anayefuata!"

Neno hilo moja lilimwingia Kasi kifuani, akakaa nalo kidogo, machozi yakimlengalenga. Alikuwa ameshamalizwa, kama wengine, na nyuma yake kulikuwa na foleni.

Mjomba alikwisha kufungua mlango wa upande wa Kasi, mikono ameitanguliza, tayari kumbeba na kumhamishia kiti cha pili kama kila siku.

"Zunguka, Mjomba," Kasi akasema. "Mlango wako ule kule."

Mjomba alisimama na mikono yake hewani, hajui aiweke wapi. Kisha akazunguka, akaingia, akafunga mkanda bila kuambiwa. Kasi aliendesha mpaka gereji, akamshusha Mjomba mlangoni. Mama naye alishuka; alisema miguu imekufa ganzi, anataka kutembea kidogo amshukuru Mungu.

"Na wewe unaenda wapi?" Mjomba aliuliza, ameinama dirishani.

"Kazini. Kiti kimo kwenye buti."

"Gari langu nimeliacha nyumbani. Sasa jioni mimi nitarudi na nini?"

Kasi aligeuza kichwa kulia, akakigeuza kushoto, akatazama nyuma ya bega. Palikuwa peupe.

"Jioni," alisema, akivuta fimbo, "nikikumbuka nitakupitia."