Kugeuzwa na Mkwe

Virusi vya mafua vilipoingia mapafuni, Mzee Agustino wa Kinole alijitibu mwenyewe: siku tano chini ya blanketi, anajifukiza mdalasini wa shambani kwake. Alipofikishwa mjini Morogoro, chumba cha wagonjwa mahututi, alikuwa ananukia pilau na pumzi haimtoshi. Mtaalamu huyo!

Daktari akamvalisha barakoa ya oksijeni. "Mzee, ulale kifudifudi, mapafu upande wa mgongoni yapate hewa. Ukikataa, jioni tunakuwekea bomba kooni, na hapo siahidi kitu."

Kulala kifudifudi si kazi. Kazi ilikuwa gauni la hospitali, liko wazi nyuma kote, na manesi wa kumgeuza walikuwa wawili tu: Hidaya, na Glory, mke wa mwanawe Jastin. Mkwe! Kule kijijini akimwona Glory anakuja njiani, Agustino hujitosa migombani mpaka apite. Siku moja alijitosa mferejini, akakaa humo maji kiunoni, anajiona ndiye mwenye adabu kuliko wanaume wote wa Uluguru.

Sasa akaivuta barakoa atoe hotuba, maana huyu hata kufa hafi bila hotuba. "Mkwe... hawezi... kuniona..." Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikashuka, themanini na mbili, sabini na tisa, mashine ikaanza kulia. Akaamua bora afe na suruali yake ya heshima, ingawa suruali yenyewe walishamvua tangu mapokezi.

"Aitwe mwanamume," akakoroma.

"Wanaume wanaingia zamu ya usiku," Hidaya akasema. "Utafika?"

Glory akamrudishia barakoa. Miaka minne ya ndoa hajawahi kumsemesha ana kwa ana.

"Baba, baba yangu mzazi naye alikataa kugeuzwa na wanawake. Alilala kitanda kile cha dirishani. Tulimzika na heshima zake zote."

Agustino aliona aibu, na safari hii haikuwa ya makalio. Binti wa watu alikuwa anambembeleza baba kwa mara ya pili. Akanyoosha mkono, akamshika bega.

Wakamgeuza. Ubaridi ukampita mgongoni mpaka chini, akafumba macho. Nyuma yake akamsikia mkwe anasoma namba kwa sauti, themanini na tano, themanini na nane, na katikati ya namba analia.

"Vuta, Baba."

Akavuta kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, apate kumpa namba nyingine ya kusoma.