Kufuta Miwani

Mume wangu Athanasi alipofariki aliniachia kamera moja, chumba cha studio hapa Bariadi na binti yetu Gloria. Macho mabovu nilikuja nayo mwenyewe kutoka kwetu Mwamapalala. Bila miwani, ng'ombe na kichuguu kwangu ni kitu kimoja.

Gloria sasa yuko kazini Dar es Salaam. Nilipomtembelea Krismasi alinipeleka kwa daktari anayerekebisha macho kwa leza. Nikapimwa, nikaambiwa nafaa, nikarudi nyumbani kufikiri. Kila wiki ananipigia simu.

"Mama, bado unafikiri? Umesahau ile harusi ya Lalago?"

Lalago sijasahau. Mvua ilinyesha, nikaingia kanisani vioo vya miwani vimejaa ukungu, na bwana harusi alipomvisha mwenzake pete mimi nikapiga picha ya kiwiko cha padri. Baada ya misa niliwaomba wavishane tena pale nje. Wakavishana. Mungu anisamehe, maana kwenye albamu wale watoto wamefunga ndoa mbele ya pikipiki.

Kwa hiyo leza niliitaka. Kilichonizuia sikumwambia Gloria.

Watu wetu ukiwaelekezea kamera wanakauka. Mikono inashuka mapajani, midomo inafungwa, utadhani wamepanga foleni ya kitambulisho. Basi mimi navua miwani, naanza kuifuta kwa ncha ya kitenge. Wakiona hivyo wanajua sioni, wanalegea. Huyu anamchokoza shemeji yake, yule anacheka mpaka ufizi. Mkono wa kushoto unafuta. Wa kulia uko kwenye kamera kifuani, unabonyeza. Picha zinazonipa jina nimezipata hivyo, sioni kitu.

Jambo hilo nimeshaliungama. Padri akauliza kama na ile picha yake ya jubilei, anayolamba mchuzi kidoleni, niliipiga hivyo. Nikasema ndiyo, Baba. Akanipa Salamu Maria tatu, na akaagiza nakala mbili.

Sasa macho yakipona, nitafuta nini?

Daktari alinipa lenzi laini za kuvaa juu ya jicho, nionje kwanza maisha bila miwani. Akanionya kwamba kwa miaka yangu arobaini na minane, leza itanipa mbali, lakini vya karibu nitahitaji miwani ya kusomea. Hilo liliniudhi. Nivuliwe miwani nivishwe miwani.

Jumamosi nikazivaa hizo lenzi kwenda Sapiwi, harusi ya Masunga na Jenifer. Nakiri niliona. Niliona mpaka nani kwenye kwaya anachezesha mdomo tu bila kuimba. Pete niliipata safi.

Baada ya misa nikawapanga wazee mstari mmoja, katikati Bibi Nyanjige, nyanya yake bwana harusi. Wakakauka. Nikawaambia wacheke, wakanionyesha meno kama ng'ombe anayeangaliwa umri. Nikasubiri. Nao wakasubiri.

"Mama Gloria," akasema Bibi Nyanjige, midomo haisogei, "miwani yako iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani, mayu, mama yangu."

"Sasa sisi tutajuaje muda wa kucheka?"

Nikashusha kamera.

"Ulidhani hatujui?" akasema mzee Mayige, aliyesimama ubavuni kwake. "Tangu kipaimara cha huyu Masunga tunajua. Mimi ukishika tu ncha ya kitenge, navuta tumbo ndani."

"Na kule kuchokozana kwenu?"

"Tunakusaidia kazi," akasema Bibi Nyanjige. "Huyu Mayige mimi hata simpendi."

"Ananipenda sana," akasema Mayige. "Anaona aibu kwa sababu katekista yuko hapa nyuma."

Miaka tisa nilijiona mjanja, nikaungama na kuungama. Nikainamia kamera nifiche uso, niangalie na picha nilizopata. Kile kioo cha nyuma kilikuwa ukungu mtupu. Nikairefusha kamera mbali mpaka mkono ukaisha, bado ukungu. Daktari hakunidanganya.

Ikabidi niazime miwani ya kusomea ya katekista Josia. Ilikuwa imejaa mafuta ya pilau, na pilau yenyewe ilikuwa haijapakuliwa. Sikumwuliza. Nikashika ncha ya kitenge, nikaanza kuifuta.

Mstari wote ukafunguka. Mayige akavuta tumbo. Bibi Nyanjige akamtia kiwiko palepale kwenye tumbo, likarudi nje, na bibi akacheka na meno yake mawili yote. Nyuma yao Josia alikuwa anapapasa mfuko wa shati akitafuta miwani aliyonipa sasa hivi. Mkono wangu wa kulia haukusubiri niutume.

Jumatatu asubuhi, baada ya sala, nikampigia daktari mwenyewe.

"Daktari, ile miwani ya kusomea uliyosema, ni lazima?"

"Kwa umri wako ni lazima, mama. Pole, najua ulitaka kuachana na miwani kabisa."

"Inachafuka?"

"Inachafuka mama, kama miwani nyingine."

"Basi niandike wiki ijayo."