Soksi za Njano Ghorofa ya Tisa

"Msaidizi wangu hajawahi kukanyaga ofisi ile," Waziri Mkuu wa Australia aliapa kwenye televisheni, na kijiko kikanidondoka. Nyuma yake alisimama msaidizi mwenyewe, tai imenyooka. Namjua yule mtu. Nazijua hata soksi zake.

Mimi Kokugonza, Mhaya wa Muleba, mfanya usafi wa jengo moja katikati ya Sydney. Wiki tatu nyuma, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, nilikuwa nimetoka kuosha kapeti la ofisi ya chama cha upinzani, ghorofa ya tisa, nilipomkuta bwana mmoja mlangoni amevaa suti. Akasema amesahau kadi. Sheria naijua: usimfungulie mtu. Lakini suti ilikuwa nzuri, na akili yangu yote ilikuwa kwenye kapeti.

"Ingia," nikamwambia, "ila viatu vua." Kwetu hata mkwe anavua.

Akavua. Mtu mzima, soksi za njano zenye picha za bata, ananyata juu ya kapeti bichi na viatu mkononi. Nikampiga picha, uso wote unaonekana, nikairusha kwenye grupu letu la WhatsApp: leo nimemvua mzungu viatu. Watu walicheka mpaka mchana.

Saa tatu polisi walijaa. Makabati yamevunjwa, barua za chama hazipo, kamera za ghorofa ile zimezimwa. Bosi akatafuta wa kumbebesha lawama, akampata Fiacre, mlinzi wa mlango wa chini, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma. Eti alilala. Akasimamishwa kazi, nami nikanyamaza. Nilijiambia yule bwana huenda ni mtu wa ofisi ile. Nilijidanganya, na nilijua najidanganya.

Tangu hapo kila Jumapili nilimwalika Fiacre nyumbani kwetu, mtaa wa Kensington hapahapa Sydney, nikimpakulia mnofu mkubwa, dhamiri ikinisuta. Hata Waziri Mkuu alipokuwa akiapa, alikuwa mezani, mbele ya televisheni ileile. Nikamsukumia simu yenye ile picha.

"Huyu si ndiye wa kwenye tele?"

"Ndiye. Nilimfungulia mimi."

Aliacha kutafuna. Niliona hasira ikimpanda, na nilistahili.

"Wiki tatu, dada. Wiki tatu mke wangu ananiuliza kama nililala kweli."

"Najua."

"Na ukitoa hii photo, wewe nawe unapoteza job."

"Hilo nalo najua."

Nikaituma kwa mwandishi wa gazeti hapohapo, kabla majivuno yangu ya Kihaya hayajageuka uoga.

Jamani, nchi iliwaka. Jioni ile zile soksi zilikuwa kwenye kila kituo. Jumatatu msaidizi akakiri kwamba alitumwa, akamtaja aliyemtuma. Jumatano wabunge wa chama tawala wakamgeuka mkubwa wao, na Alhamisi saa nne asubuhi Waziri Mkuu akajiuzulu. Niliruka juu ya kochi nikipiga vigelegele mpaka wenzangu wa nyumba wakadhani nimepata mchumba. Siku hiyohiyo Fiacre akarudishwa kazini. Barua yangu ya kuachishwa kazi ilifika Ijumaa, na sikuibishia.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kuchukua ndala zangu za kazini. Fiacre alikuwa mlangoni, sare imepigwa pasi. Nikamwendea nikicheka, nikitaka kupita. Akanyoosha mkono.

"Kadi, dada."

"Fiacre, si unanijua?"

"Ninakujua. Kadi."

Nilikuwa nimeirudisha. Uso ulinichoma kwa aibu, kisha nikakubali kwamba ana haki. Akamwomba mwenzake amshikie mlango, akapanda yeye mwenyewe kuzifuata ndala.

Alirudi na ndala zangu mkono mmoja. Mkono wa pili alishika viatu vyake, na soksi zake zilikuwa zimelowa.

"Wameosha kapeti," akasema. "Hakuna mtu aliniambia, dada. Nilivua mwenyewe."