Tonge la Machano

Alhamisi ya kwanza ya Ramadhani, mwanzoni mwa mwaka 1965, Bi Mwatima wa Funguni, mjini Unguja, alikuwa anakuna nazi mlangoni pa uani alipomuona mwanamke wa nchi ya jirani anaanika kanga. Kanga yenyewe nyekundu, ya miraba. Wiki ya nyuma, kuiona nchi ile kulitaka mtu apande darini siku ya mbingu safi, na akiona ataona mstari wa kijivu tu. Sasa Bi Mwatima alihesabu mpaka vibanio: vinne. Akamaliza kukuna, akachuja tui la kwanza.

"Wamesogea," akamwambia Nurjehan, fundi cherehani, jirani yake wa ukuta mmoja.

"Toka juzi," alijibu Nurjehan bila ya kuinua macho. "Mie nnamsikia mpaka jogoo wao."

Nchi ile ilikuwa kubwa mno, na mtaani iliitwa Jirani tu. Ilianza kusogea mwaka wa nyuma, pale zilipotiwa saini karatasi ambazo Funguni nzima hakuna aliyezisoma. Haikuja kwa kishindo. Kila kulipokucha bahari ilikuwa imepungua kidogo, kama pindo la kanzu linalokunjwa. Bwana Mabrouk, katibu wa tawi la chama, alipita nyumba hadi nyumba kueleza msimamo: kisiwa hakina upande, hakigombani na mtu, na umbali ni uleule ulioandikwa kwenye ramani ya skuli. Watu wakasema ndiyo. Watu wa huku husema ndiyo huku wanafikiria futari, na aliyezoea kuwatawala huliona hilo ni shauri lililokwisha.

Aliyeuliza alikuwa mmoja tu. Machano, mume wa Bi Mwatima, fundi bomba, alisimama kwenye mkutano wa tawi akasema, "Nani katuuliza sisi?" Halafu akakaa. Asubuhi yake gari ilikuja kumchukua, aende kwa Jirani kwa mazungumzo ya siku mbili. Hiyo ilikuwa mwezi wa Mei. Siku mbili hizo zilikuwa hazijesha.

Kwa hiyo wengine walipoona nchi inakaribia, Bi Mwatima aliona njia. "Ukishaona kamba ya nguo ya mtu, huyo jirani yako," alimwambia Nurjehan. "Na jirani hupelekewa futari."

Akapika mhogo wa nazi kwa papa, chakula cha Machano. Akapakua kwenye sahani yenye pengo ukingoni, pengo alilolitia Machano mwenyewe mwaka waliooana. Machano alikuwa na ada moja isiyobadilika: hamalizi sahani. Hubakisha tonge moja pale penye pengo, tonge la mpishi, na Bi Mwatima hulila amesimama, huku anamsema kwa kumuongezea kazi. Miaka kumi na tisa hivyo. Alijua kwamba sahani ile ikirudi na tonge, mume wake yu hai.

Baada ya alasiri maji yalikuwa yamekupwa. Alikunja kanga, akavuka, maji magotini, sahani kichwani imefunikwa kawa. Upande wa pili alipokewa na askari.

"Ya Machano Jecha," alisema. "Yuko kwenu."

"Itamfika, mama."

Kesho yake sahani ililetwa mpaka mlangoni. Imeoshwa, imefutwa, tupu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Unguja sahani ya futari hairudi tupu. Mtu akiwa hana kitu atatia ndimu, akikosa ndimu atatia chumvi, na asiye na chumvi huikalisha sahani kwake mpaka aipate. Nchi nzima ilikuwa imesogea maili ishirini na kitu, na Funguni hakuna aliyepandisha sauti. Kwa sahani tupu mtaa ulitoka nje.

"Tupu?" aliuliza Nurjehan.

"Tupu."

"Hata ndimu?"

"Hata chumvi. Wameiosha."

Nurjehan aliiacha suruali ya watu chini ya sindano, akaenda kuhadithia. Bi Mwatima alibaki kizingitini, kidole chake kwenye pengo. Yeye hakuwa na haja ya ndimu. "Hakuila yeye," alisema, lakini wakati huo kila mtu alikuwa anazungumza na hakuna aliyemsikia.

Siku ya pili zilivuka sahani arubaini. Nurjehan alipeleka sambusa. Malindi walipeleka vitumbua, Ng'ambo walituma maharage ya nazi kwa mabakuli, na mama yake Bwana Mabrouk alitoa bakuli lake la harusi, lenye maua ya dhahabu, akalitia tambi. Zote zilirudi zimeoshwa. Ilipofika kumi la mwisho, kisiwa kisicho na upande kilikuwa na upande. Wachukuzi wa bandarini waliyaacha makasha ya Jirani juani. Muuza kahawa alimnyima kahawa mgeni kwa lafudhi tu. Bwana Mabrouk alipanda juu ya meza mbele ya tawi, akasema kwamba kutofungamana ni jambo zuri lakini mama yake amedharauliwa, na watu walimpigia makofi ambayo hakuwahi kuyapata maishani mwake.

Wakubwa wakaamua kuandika barua kali, ya mwanzo tangu karatasi zile zitiwe saini. Bi Mwatima alikwenda tawini.

"Mwandikeni na Machano," alisema.

"Bi Mwatima, tuanze na sahani," alisema Bwana Mabrouk. "Tukianza na mtu, hawatotusikiliza."

"Mie nlianza na mtu."

"Nnajua. Lakini sahani ndiyo inayowauma watu."

Barua ikenda hivyo, na jina la Machano halimo. Jirani alijibu baada ya Sikukuu, kwa heshima nyingi. Alisema hakuijua ada. Kuanzia hapo kila sahani ingerudi na tende moja. Mkataba ulitiwa saini, picha zikapigwa, skuli zikafungwa nusu siku. Ramadhani iliyofuata Bwana Mabrouk aliileta mwenyewe sahani ya Bi Mwatima, amevaa koti, na tende imelala katikati.

"Tumewashinda," alisema.

Bi Mwatima alitazama penye pengo. Palikuwa peupe. Alivaa kanga zake akavuka, maji sasa yanamfika vifundoni, akamtia askari tende mkononi.

"Sikuleta futari nipate tende," alisema. "Nimemletea mume wangu. Nirudishie tonge lake."

Askari alikuwa na amri ya kutoa tende. Ya kupokea hakuwa nayo. Aliitupa mchangani, akaandika kwamba sahani imerejeshwa kwa mujibu wa mkataba.

Ikawa hivyo kila Ramadhani. Majirani walimwambia achukue tende, ashukuru, hata hiyo imepiganiwa. Walisema kwa huruma, na yeye aliwajibu kwa hasira, kwa sababu tende zao walikuwa wanazila. Majumba marefu ya Michenzani yalipoanza kuinuka, Bwana Mabrouk alimletea habari kwamba anaweza kupewa fleti, yenye maji ya bomba ndani.

"Kutoka huko ntaiona kamba yao ya nguo?" aliuliza.

"Hutoiona. Utapumzika."

"Basi mpe mwengine. Mie mume wangu fundi bomba, maji atanitilia mwenyewe."

Mwaka 1972 bahari ilikuwa imekwisha. Mtu alitoka Funguni na viatu vyake vikavu akafika kwa Jirani kabla kahawa haijapoa. Kwenye ramani ya skuli maji yalikuwapo vilevile, rangi ya buluu, na wanafunzi walipewa alama kwa kuyataja. Pale askari walipokuwa wakitupa tende za Bi Mwatima palikuwa pameota mitende saba kwa mstari mmoja, na askari wa zamu walikaa kivulini mwake wakicheza karata.

Ramadhani hiyo alikwenda mwenyewe kuichukua sahani. Askari alikuwa mgeni, mtu mzima, mwenye adabu.

"Shikamoo, mama. Tende ya mwaka huu hatukuagiza," alisema. "Tumeichuma kwenye mtende wako."

"Marahaba."

Aliishika sahani juani, akapitisha kidole penye pengo, polepole. Pakavu. Akaitoa tende, akaiweka mchangani baada ya mtende wa saba, akaifukia kwa kidole cha mguu. Askari aliinama juu ya daftari, hajui aandike nini.

"Andika Machano," alisema Bi Mwatima. "Machano Jecha, fundi bomba. Aliuliza nani katuuliza. Kesho ntamletea mhogo."

Askari aliandika kwamba sahani imerejeshwa. Bi Mwatima akarudi nyumbani, akaiosha tena sahani iliyokuwa imeshaoshwa, akatafuta nazi ya kesho.