Kadi ya Picha ya Eliakunda

Basi lilikuwa limeshatoka stendi ya Same, na dada yangu Eliakunda bado anakimbia pembeni, mkono mmoja ameshika kitenge kisimdondoke, mwingine anapiga ubavu wa basi.

"Kaka Fanueli! Tundu jeupe! Wakikupa ya tundu la kahawia, kataa!"

"Nimesikia!"

"Na urudi!"

Abiria wakacheka. Waliocheka zaidi ni wale wanaonijua. Mimi nikipanda basi, hurudi baada ya mwaka, pengine miaka saba. Nimekata mkonge, nimechimba jasi Makanya, nimechunga ng'ombe wa watu Kisiwani. Shule nayo nimesoma vipande: darasa la pili Vudee, la tatu Korogwe, la nne sikumaliza. Sasa mtu kama huyo ndiye anatumwa mjini kununua kitu cha kompyuta.

Ilikuwa mwaka tisini na nane. Mradi aliokuwa anachapia Eliakunda ulifungwa, wafanyakazi wakapunguzwa wote kwa siku moja, na vitu vya ofisi vikapigwa mnada. Kiinua mgongo chake chote akakimwaga kwenye kompyuta moja kuukuu. Akaiweka sebuleni, akaandika mlangoni: TUNACHAPA. Fundi wake alikuwa Loth, mwanangu mimi, ila aliyemlea ni yeye. Mimi Loth ananiita baba kwa adabu tu. Eliakunda ndiye anamwita Mama.

Basi shule moja ya milimani ikampa mtihani wa majaribio wa kidato cha nne auchape. Jumatatu asubuhi mwalimu anashuka kuuchukua. Ukiwa tayari, kazi zote za shule ile ni zake. Usipokuwa tayari, zinakwenda Moshi na hazirudi. Alhamisi, kioo kikawa cheusi. Loth akafungua mashine, akachomoa kadi ya picha, ile inayoleta maandishi na picha kwenye kioo, akainusa.

"Imeungua, Mama."

Nikapewa hiyo iliyoungua iwe sampuli, imefungwa kwenye gazeti, na elfu ishirini. Tundu inamochomekwa kwenye mashine yetu ni jeupe. Loth mwenyewe alisema abaki kusafisha mashine. Ila alinisindikiza hadi mlangoni, akanishika bega, jambo ambalo si kawaida yake.

"Baba, nunua Moshi. Arusha usifike. Kule wanauza mitumba mibovu."

Nilifurahi. Nikasema kumbe mtoto ananijali.

Moshi niliingia duka la kompyuta, lenye vioo mbele. Binti wa dukani aliitazama sampuli yangu kama mtu anayeonyeshwa jino la babu yake.

"Shikamoo. Hii ni ya mashine ya mwaka gani?"

"Marahaba. Mimi sijui mwaka, mama. Najua ina tundu jeupe."

"Zangu zote ni za tundu la kahawia. Zina nguvu, zina feni, lakini kwako haziingii. Hata ukisukuma kwa nyundo." Akacheka. "Nunua mashine mpya, babu. Laki tisa."

"Laki tisa nikiwa nazo, mwanangu, ungeniona hapa?"

Akanihurumia. Akaniandikia kwenye kipande cha boksi jina la Amiri, Arusha, nyuma ya soko, anayeuza vipuri vilivyotumika. Nikakumbuka maneno ya Loth. Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja. Nikapanda basi jingine.

Amiri alikuwa mtu mfupi, mnene, amekaa katikati ya mashine zilizopasuliwa matumbo. Alipima sampuli yangu kwa macho tu, akapanga kadi tatu juu ya gazeti.

"Mzee, sikiliza vizuri. Hii ya kwanza ina feni, nzuri, lakini inakula umeme mwingi. Mashine yako ya zamani itakohoa na kuzima. Hii ya pili ni rahisi, elfu sita, ila itakuonyesha maandishi kwa shida, picha zitakuja kama zimelowa. Hii ya tatu ndiyo saizi yako. Haina feni, haina makuu, inaingia tundu jeupe. Elfu kumi na tano."

Nikaichukua ile ya tatu. Nikaigeuza.

Nyuma yake kulikuwa na nukta mbili nyekundu na mkia.

Nilikaa chini. Sikutafuta kiti, nilikaa juu ya boksi. Sijui kama wote mnajua desturi hii: harusini au msibani wanawake wanaazimana masufuria, kwa hiyo kila mmoja anatia alama yake chini ya sufuria, kwa rangi ya kucha, yasipotee. Alama ya Eliakunda ni nukta mbili na mkia. Siku aliyonunua kompyuta, Loth aliifungua kupuliza vumbi, na Eliakunda akaja na kichupa chake akatia alama kila kipande cha ndani. Tulimcheka mpaka machozi. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika tochi.

Nikaichukua ile sampuli iliyoungua, nikaigeuza. Haikuwa na alama yoyote.

"Mzee, umepatwa na nini? Nikuletee maji?"

"Nani alikuuzia hii?"

Amiri akabadilika uso. "Kwani vipi?"

"Ni ya dada yangu. Imeibwa."

"Haya tena! Umetoka wapi, mzee?"

"Same."

"Mpare! Yarabi toba." Akajishika kichwa. "Nyie mtauza ng'ombe mpate nauli ya kesi ya kuku. Mimi nina watoto, sitaki mahakama. Aliniuzia kijana mmoja, mrefu, mpole, wiki mbili zilizopita. Ana bisibisi mfukoni. Mkono wa kushoto kidole cha mwisho hana."

Kidole kile kililiwa na korona, mashine ya kusaga mkonge. Loth alikuwa na miaka mitano, mama yake ameshafariki, na mimi nilikuwa nimemwacha peke yake kambini, nimekwenda kutazama ngoma. Wiki ile ile nilimpeleka kwa Eliakunda, nikapanda basi.

"Unamjua?" Amiri akauliza.

"Namjua."

Akanipa kadi kwa elfu nane, bei aliyonunulia, akaniomba nisirudi tena dukani kwake.

Nililala stendi ya Moshi. Alfajiri, ndani ya basi, niliitoa ile kadi nikaanza kukwangua alama kwa ukucha, Eliakunda asiitambue. Nukta moja ikatoka nusu. Hapo nikaona mkono wangu unafanya nini. Kadi ilikuwa sasa inaibwa mara ya pili. Nikaacha.

Nyumbani niliwakuta wote wawili sebuleni. Eliakunda alipiga vigelegele kuniona mlangoni. "Amerudi! Fanueli amerudi, jamani!" Nikaweka kadi mezani. Loth akaiona. Akaiweka bisibisi chini. Kabla sijafungua mdomo, Eliakunda ameshachukua kichupa chake cha rangi juu ya kabati ili aitie alama. Akaigeuza.

Kichupa kikabaki hewani.

"Kaka. Hii umeipata wapi?"

"Arusha."

"Hii ni yangu."

"Ni yako."

Akanitazama mimi kwanza. Sikumlaumu, mimi ndiye msafiri. Loth akasema, "Ni mimi, Mama."

"Wewe nini?"

"Nilikuwa natafuta nauli ya kwenda migodini Mererani, na pesa ya kuanzia. Niliweka nyingine ya zamani, nikajua itashika mpaka nirudishe. Ikaungua."

Eliakunda akakaa. Akajaribu kufunga kichupa, kifuniko kikamponyoka, akakiacha.

"Ungeniomba nauli, ningekunyima?"

"Ungeninyima, Mama. Ungesema nimekuwa kama baba."

Hakuna aliyenitazama. Afadhali wangenitazama.

"Iingize," Eliakunda akasema.

Loth akaiingiza. Kioo kikawaka, maswali yakajitokeza pale pale yalipokuwa yamekomea. Jumamosi yote Loth alisoma mwandiko wa walimu kwa sauti, na Eliakunda akachapa. Jumapili hakwenda kanisani. Walisemezana maswali tu: nukta, koma, swali la tisa. Jumatatu saa mbili mwalimu alichukua bahasha, akashukuru. Alipotoka, Eliakunda alitoa noti kwenye kitenge akaziweka mbele ya Loth.

"Nauli hii hapa. Nimekupa, hukuiba. Nenda."

Loth alikwenda Mererani siku hiyo hiyo. Hakupata jiwe la maana. Sasa anatengeneza jenereta, ana mke na watoto wawili, na Krismasi humwandikia Eliakunda. Yeye hajibu, lakini barua anazo zote. Shule ile ilimpa Eliakunda kazi miaka sita, mpaka iliponunua kompyuta yake. Siku hizi ana duka la vifaa vya shule. Amiri alihama Arusha, sijui aliko. Mimi nilikaa Same miezi mitano, kisha nikaenda Kisiwani kulinda shamba la mtu, na ndiko ninakoandikia haya.