Siku Saba za Kulipa

Mwaka ule wa 1947, Mwanarehema alikuwa na siku saba za Ramadhani za kulipa, zile alizokula kwa ajili ya hedhi. Alianza kuzilipa mara tu baada ya Idi. Mamake, Alawiya, alimsifu Kisauni nzima.

"Wallahi, simkumbushi. Hufunga mwenyewe."

Mwishoni mwa Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, alasiri moja, Alawiya alikuwa akimsuka bintiye. Kila alipopitisha kichana, nywele zilitoka mafungu. Shingo ilibaki mifupa. Alihesabu kimoyomoyo: msichana alikuwa amefunga siku ishirini na tatu. Hedhi nayo haikurudi tena. Akakumbuka sinia la futari, walilolizunguka wote: mkono wa Rehema haukutulia, kama anayekula, lakini wali aliusogezea wadogo zake.

"Rehema."

"Abee, mama."

"Siku zako zilikwisha zamani. Hizi ni za nini?"

"Siku ya harusi ya jirani, nilipovaa gauni, shangazi alisema nimejaa kama gunia la nazi. Mkacheka wote."

Alawiya aliweka kichana chini. Neno la kumwamrisha ale lilimfika ulimini, akalimeza.

"Hata mimi nilicheka. Nisamehe, mwanangu."

Hodi ikapigwa. Alikuwa shangazi mwenyewe, Mahfoudha, na sahani ya kaimati.

"Lo! Rehema! Sasa ndiyo umekuwa msichana. Kiuno kama nyigu!"

"Wifi," alisema Alawiya, "mwili wa mwanangu usiutaje tena humu ndani."

"Ai! Si namsifu?"

"Hata kwa sifa."

Mahfoudha aliweka sahani chini, akaaga.

Magharibi, Alawiya aliwapakulia wengine sinia lao. Yeye na Rehema walikaa chumbani, kila mmoja na bakuli lake la uji wa mchele.

"Kesho hufungi. Tutakwenda zahanati pamoja, wakupime."

"Mama, siwezi kuumaliza huu."

"Sikukwambia umalize. Kunywa nami."

Rehema alikunywa vijiko vitatu. Akalia. Mamake hakumharakisha, wala hakumnyamazisha. Rehema akajifuta kwa upindo wa leso, akachota cha nne.

Bakuli lilikuwa bado limejaa. Alawiya hakulitazama. Alikunywa wake taratibu, asije akamtangulia kumaliza.