Jina Lililofika Kabla ya Alfajiri

Nyumbani kwa kina Swalha, Pemba, jua likishatua hakuna anayemtaja nyoka. Husemwa "kamba" tu, basi, na mtoto anayejisahau hupigwa kofi la mdomo. Bimdogo, mama yake Swalha, hana mzaha katika hilo: ukimtaja gizani umemwita, na akiitwa huja.

Swalha alidhani miaka ya kwenda na kurudi Guangzhou, Uchina, imeshamtoa hofu hizo. Asubuhi hiyo, saa tatu, alikuwa katika duka moja la mtaa wa Yide Lu akichagua nyoka wa mbao, wale wanaojipinda ukiwashika mkia, wa kupeleka dukani kwake Wete. Kando yake alikuwa Mukund, mnunuzi wa Kihindi aliyewahi kusomea Kisanskriti. Mukund akamwambia kwamba katika lugha hiyo kongwe nyoka ni sarpa, na maana yake si zaidi ya "mwenye kutambaa". Lipo na jina uraga, yaani aendaye kwa kifua. Swalha akauliza kwa nini wasimpe jina lake mwenyewe. Mukund akacheka, akasema labda wazee waliogopa kusikiwa.

Swalha alifurahi kama aliyekutana na jamaa ugenini. Kumbe si Wapemba peke yao. Papo hapo akamrekodia mwanawe Kauthar, wa miaka saba, ujumbe wa sauti: nyoka, sarpa, uraga. Akayarudia mara tatu ili mtoto ayashike, akatuma.

Alama za ujumbe zikageuka buluu mara moja. Mtoto ameshausikiliza.

Hapo ndipo alipozikumbuka saa. Guangzhou imetangulia kwa saa tano. Pemba ilikuwa saa kumi ya usiku, giza totoro, na Kauthar huichukua kwa siri simu ya bibi yake, akajifungia nayo ndani ya chandarua kila anapomkumbuka mama. Swalha akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena. Kisha ukaja ujumbe, mwanawe akinong'ona.

"Mama, umeitaja. Kamba imekuja, iko juu ya chandarua. Bibi nikimwamsha haamki."

Nyuma ya sauti ile kitu kilikuwa kinakwaruza kitambaa, taratibu.

Swalha akaufuta ujumbe wake, ufutike kote kuwili, kisha akarekodi mwingine.

"Mwanangu, usijitikise. Aliyeita ni mimi. Inanitafuta mimi, iache ipite."

Dakika nne zilipita.

"Mama, imeshuka. Imetambaa mpaka kwenye simu, halafu siioni tena. Bibi ameamka."

Swalha akalia kwa shukrani mbele ya watu, bila haya. Bado analia, simu ikaanza kutikisika kiganjani mwake, na hakuna aliyekuwa akipiga. Mukund akamsihi aiweke chini. Yeye akaikaza kwa mikono miwili, maana alijua akiiachia, kamba itarudi kwa nani.